Msitu Uliohamia Mjini

Kwenye uchochoro mmoja wa Quedlinburg, nyuma kidogo ya uwanja wa soko, kulikuwa na nyumba inayofanyiwa ukarabati. Mafundi walikuwa wamekwenda kula. Plasta ilikuwa imebanduliwa kwenye ukuta, kipande cha upana wa mlango hivi, na nilichokiona ndani kilinisimamisha na mkate wangu mkononi. Fito. Zimesimamishwa kati ya nguzo mbili, nyembamba zaidi zimesukwa kupita katikati yake, na juu yake umekandikwa udongo wa rangi ya chai ya maziwa uliochanganywa na mabua. Udongo ulikuwa umepasuka, na kwenye ufa mmoja bua lilikuwa limechomoza. Nikalivuta taratibu. Lilitoka zima, la njano, linang'aa kama limekatwa msimu uliopita.

Nikapiga picha nikamtumia Mama. Mama yuko Lushoto, na hajibu kwa maandishi hata siku moja, anasema hiyo ni kazi ya makarani. Sauti yake ikaingia baada ya dakika tano: "Mwanangu, umerudi lini bila kuniambia? Hiyo si nyumba ya shangazi yako wa Soni?"

Nikamwambia niko Ujerumani bado. Kimya. Kisha sauti nyingine: "Mbona ni nyumba ya kukandika?"

Ni nyumba ya kukandika, Mama. Mji mzima. Quedlinburg, mji ulio ukingoni mwa milima ya Harz, ina zaidi ya nyumba 2,000 za namna hiyo, na tangu 1994 UNESCO imeuweka mji wao wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wajerumani wanaziita Fachwerk. Kwa nje unaona nguzo na boriti zilizopakwa rangi nyeusi, nyekundu au kahawia, zimekatizana kwa mshazari, na katikati yake kuta nyeupe au za manjano. Kwenye kalenda na mifuko ya biskuti zinapendeza kama za kuchorwa. Kumbe chini ya chokaa ile ni kazi ambayo bibi yangu mzaa mama aliifanya kwa mikono yake, na sisi wajukuu tukikanyaga udongo kwa miguu.

Nieleze nilifikaje huko. Ninafanya kazi Braunschweig, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kuna bibi mmoja ambaye kila asubuhi namvalisha soksi za kubana. Anayejua soksi hizo anajua: kumvalisha mtu mzima mwenye miguu iliyovimba ni dakika kumi za mieleka, na dakika kumi hizo lazima mzungumze, la sivyo mtachukiana. Kwa Kijerumani namwita kwa jina la ukoo na heshima zote. Moyoni namwita Bibi tu. Ukutani mwake ana picha moja, mlima wa mviringo, si mkali, mfano wa mkate wa ajemi uliopinduliwa, na juu yake mnara. Ni Brocken. Alizaliwa karibu na Braunlage, upande wa magharibi wa milima ya Harz, na utoto wake wote aliutazama mlima ule kupitia dirisha la jikoni bila kuweza kuukanyaga.

Aliniambia msitu wa kwao ni mweusi. Si kijani, mweusi. Nikamwambia na mimi nimetoka milimani kwenye msitu, nikamtajia Usambara. Akauliza kama kuna barabara. Nikacheka, nikamwambia ipo, Wajerumani waliikuta njia wakaipanua. Hapo akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Basi siku nne za likizo zilipopatikana nikaenda kuuona huo weusi.

Harz si milima mikubwa. Ni kama kisiwa cha mawe na miti kilichoinuka katikati ya mashamba ya ngano na viazisukari, urefu wake kilomita 110 hivi, upana chini ya nusu ya hapo, kimegawanywa na majimbo matatu: Niedersachsen, Sachsen-Anhalt na Thüringen. Brocken ndiyo kilele chake, mita 1,141. Kwa mtu wa Lushoto hicho si kilele cha kutisha, mji wetu wenyewe uko juu zaidi ya hapo. Lakini kule kaskazini baridi inaanza mapema unapopanda, na kufika mita 1,100 miti imeshashindwa. Juu ya Brocken ni majani, mawe na upepo.

Nilianzia Goslar, kwa kuwa treni ya kutoka Braunschweig inakufikisha pale bila kubadilisha. Goslar ina jumba la wafalme, na vibao vya watalii vitakupeleka huko hata usipotaka. Kwangu cha maana kilikuwa kilima kilicho nyuma ya mji, Rammelsberg. Mgodi huu ulichimbwa zaidi ya miaka elfu moja, fedha, risasi, shaba na zinki, ukafungwa 1988. Sasa ni makumbusho, nao ni urithi wa dunia tangu 1992 pamoja na mji wenyewe. Unavaa kofia ngumu, unaingia. Ndani mna magurudumu ya mbao makubwa kuliko nyumba, yalikuwa yakizungushwa na maji kuvuta mawe juu. Lakini kilichonikaa ni kona moja ya handaki ambako mwamba ni laini na wa duara, hauna alama za patasi. Mwongozaji akaeleza: hapa hawakuchimba kwa chuma, walichimba kwa moto. Walipanga kuni kwenye mwamba, wakawasha, wakakimbia. Jiwe likipata joto linapasuka, kisha unakuja kulibomoa kwa nyundo. Kwa karne na karne, kuni juu ya kuni.

Hapo ndipo nilipoanza kupiga hesabu ya miti. Moto wa kupasulia mwamba ni mwanzo tu. Handaki linahitaji magogo ya kuegemeza dari. Mawe yakitoka nje yanachomwa kwa kuni ili kutoa salfa, kisha yanayeyushwa kwa mkaa, na mkaa ni kuni tena, nyingi mara kadhaa. Magurudumu ni mbao. Mabomba ni magogo yaliyotobolewa. Nyumba za wachimbaji ni mbao, na pale Clausthal hata kanisa ni mbao: kanisa lao la sokoni, la 1642, ndilo kanisa kubwa la mbao Ujerumani, limepakwa rangi ya samawati hafifu na ndani linatoa mlio wa jahazi ukitembea. Milima hii ilikuwa na misitu ya asili ya miti yenye majani mapana, hasa ule wanaouita Buche, na mialoni kule chini. Wachoma mkaa waliila. Ilipofika karne ya 18 sehemu kubwa ya Harz ya juu ilikuwa imekwisha kunyolewa.

Wakapanda upya. Wakachagua mti mmoja, Fichte. Sisi hatuna jina lake la kila siku, tungeuita msonobari na kumaliza, na kwa kweli ni jamaa yake: majani ya sindano, umbo la mnara, harufu ya dawa ya kusafishia choo. Unakua haraka, unanyooka, na wachimbaji waliupenda kwa sababu moja ambayo mzee wa makumbusho aliitaja kwa upendo kabisa. Gogo la Fichte likizidiwa na uzito linalia kwanza kabla ya kuvunjika. Mchimbaji anasikia, anakimbia. Ukaota vizuri. Kwa asili yake mti huu Harz ulikuwa na makao juu tu, kuanzia mita 800 hivi. Wao wakaushusha hadi mabondeni. Baada ya Vita vya Pili Waingereza, waliokuwa wakitawala upande wa magharibi, walikata miti mingi kama fidia, na mahali pake pakapandwa nini? Fichte.

Kwa hiyo weusi ule aliokuwa akiuona Bibi dirishani, msitu mzito wa hadithi za wachawi, ulikuwa shamba. Shamba la miti, kama mipaini na misaipresi yetu ya Shume, imesimama kwa mistari. Tofauti ni kwamba Shume kila mtu anajua ni shamba. Huku muda umepita hadi watu wamesahau, wakaliita msitu wa kale, wakauogopa usiku.

Niliufahamu ukweli huo vizuri siku ya pili, nilipopanda kutoka Schierke.

Nilitarajia giza. Nilikuta kijivu. Kuanzia nje kidogo ya kijiji, mlima mzima umesimamisha miti iliyokufa, mirefu, haina jani wala gome, imepauka kama mifupa ya samaki iliyoachwa juani. Mamia, maelfu, hadi jicho linapoishia. Mingine imevunjika katikati. Mingine imelala imepandana. Upepo ukipita hausikii mvumo wa msitu. Unasikia vijiti vikigongana. Nilikuwa nimesoma habari zake, lakini kusoma ni kitu kingine.

Ilianza na dhoruba ya Januari 2018 iliyoangusha miti mingi. Kisha ukaja ukame, 2018, 2019, 2020, miaka mitatu mfululizo. Mti wa Fichte una mizizi ya juujuu, ukikosa maji unakosa utomvu, na utomvu ndiyo silaha yake pekee. Anayesubiri silaha hiyo iishe ni mbawakawa mmoja mdogo, urefu wake milimita tano hivi. Akitoboa gome la mti wenye afya anazamishwa kwenye utomvu. Akitoboa mti wenye kiu anaingia kama mgeni aliyekaribishwa, anawaita wenzake kwa harufu, wanakuwa maelfu.

Niliokota kipande cha gome kando ya njia, nikakigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na maandishi. Samahani, si maandishi, lakini sina neno bora: mfereji mmoja mnyoofu, na kutoka kwenye mfereji huo vijia vyembamba vinatoka kushoto na kulia, sambamba, kila kimoja kinaanza kama uzi na kuishia kipana kidogo, pale funza alipokua. Jike huchimba mfereji wa katikati akitaga mayai pembeni, watoto wakianguliwa kila mmoja anakula njia yake. Mistari imepangika kama ukurasa wa kitabu. Wajerumani wanamwita mdudu huyu Buchdrucker, mchapa vitabu. Sijawahi kuona jina baya likawa zuri hivyo. Nikakitia kipande kile kwenye begi.

Sehemu kubwa ya eneo lile ni hifadhi ya taifa, na wenye hifadhi wana msimamo wao: asili iachwe ifanye yake. Kwa hiyo ndani ya hifadhi magogo mengi yameachwa palepale. Nimesikia watu wa vijijini wakilalamika, na siwalaumu, maana miti mikavu na moto ni ndugu. Septemba 2022 moto uliwaka siku kadhaa karibu na Brocken, ndege na helikopta zikimwaga maji. Ukipita leo utaona magogo meusi pembeni ya yale ya kijivu. Lakini inama. Kati ya magogo kuna miche, na si Fichte peke yake. Kuna miti midogo yenye matunda mekundu ambayo mbegu zake huletwa na ndege, kuna ile yenye gome jeupe, na pale watu walipoisaidia asili kidogo kuna Buche changa zenye majani laini kama ya mchicha. Kuna hata simbamangu wanaotembea humo, wale wa Ulaya wenye mkia mfupi, walirudishwa kuanzia 2000 baada ya kumalizwa zamani. Sikumwona. Nani humwona.

Njia ya Eckerloch ni mawe matupu. Nilikuwa na raba za mjini, zile zenye soli laini kama mpira wa baiskeli, na kufika nusu ya njia nilikuwa nimekwishateleza mara mbili na kujutia ubahili wangu mara kumi. Watu walionipita walikuwa na fimbo mbili mkononi na viatu vya kijeshi, bibi vizee wa miaka sabini, wananisalimu huku wanapumua vizuri kuniliko. Mmoja alinisalimu "Glück auf". Ni salamu ya wachimbaji, kama kumtakia mtu afunguliwe bahati yake. Migodi imefungwa lakini salamu imebaki juu ya ardhi. Nikajibu vivyo hivyo, akafurahi sana, akanipa karanga.

Juu kulikuwa na ukungu. Brocken ina ukungu siku 300 hivi kwa mwaka, kwa hiyo siwezi kusema nilionewa. Kilele kile kilifungwa 1961, ukuta wa zege ukakizunguka, wakakaa wanajeshi wa Kisovieti na wa Ujerumani Mashariki na mitambo yao ya kusikiliza simu za upande wa pili. Mpaka wa Ujerumani mbili ulipita pale chini kabisa. Tarehe 3 Desemba 1989 watu walipanda kwa miguu, wengi, wakagonga lango wakitaka lifunguliwe, likafunguliwa. Zaidi ya kibao na jiwe, kileleni nilikuta hoteli, mnara, na foleni ya supu ya dengu. Goethe, mshairi wao mkuu, naye alipanda Desemba 1777, kwenye theluji, na jina lake utalikuta kila kona. Mimi niliagiza supu.

Kushuka nilipanda treni. Hapa wasomaji wa Tanga wanivumilie kidogo.

Tangu utotoni tunaita treni gari moshi. Mimi nimezaliwa treni za dizeli zikiwa ndizo zilizobaki, na hata hizo za Tanga zilikuwa za kuhadithiwa zaidi kuliko kupandwa, kwa hiyo neno lile kwangu lilikuwa sauti tu. Pale kituo cha Brocken, kwenye mita 1,125, ikaja kutoka ukunguni mashine nyeusi yenye magurudumu mekundu, inatema moshi kweli, mweusi na mweupe, na mlio wake ukanipiga kifuani. Gari. Moshi. Nilisimama nikicheka peke yangu kama mwehu. Vichwa vile vilitengenezwa miaka ya 1950 na bado vinavuta abiria. Mtandao wao wote wa reli nyembamba ni kilomita 140, kutoka Wernigerode hadi Nordhausen na Quedlinburg, na tawi hilo la Brocken lipo tangu 1899.

Nilipofika Wernigerode nilitazama reli zenyewe. Babu yangu alikuwa kibarua wa reli Mombo, kazi yake mataruma, na alikuwa na mchezo wa kutupimisha upana wa reli kwa hatua za watoto. Nikauliza mfanyakazi mmoja wa kituo upana ni kiasi gani. Milimita 1,000. Mita moja kamili. Upana uleule wa reli ya Tanga waliyoanza kuijenga 1893, na wa ile ya kati iliyokwenda Kigoma. Walikuwa na kipimo chao cha reli za milimani na za mbali, wakatuletea kilekile. Kama ungekuwa na gundi ya kutosha, kichwa kile chekundu na cheusi kingetoka Wernigerode kikaingia Mombo bila kubadilishwa gurudumu. Nilimwambia yule mfanyakazi. Akaniuliza kama Mombo ni Bavaria.

Wernigerode ni mji wa kupendeza kupita kiasi, na kasri lake juu ya kilima limekaa kama limepangwa na mtu anayeuza peremende. Sitaki kuudharau. Kwenye Breite Straße kuna nyumba ya 1674 ambayo uso wake wote umefunikwa na michoro ya kuchongwa kwenye mbao, huwezi kuona hata fito moja. Kati ya michoro hiyo kuna mabara. Afrika ni mwanamke, yuko uchi, amempanda mamba. Nilisimama mbele yake muda mrefu, watu wakapita wakinitazama mimi na kumtazama yeye, sijui walikuwa wanalinganisha nini. Fundi yule alichonga vizuri magamba ya mamba. Uso wa mwanamke ni wa msichana wa kijijini kwao, mashavu ya siagi. Nadhani alichonga aliyemjua.

Kwenye miji hii utatazamwa. Si kwa uadui wote, si kwa upendo wote. Kwenye duka la mikate Wernigerode mama muuzaji alizungumza nami polepole na kwa sauti ya juu kana kwamba nina matatizo ya masikio, nikamjibu kwa Kijerumani cha Braunschweig na lafudhi yake yote. Akacheka kwa aibu, akaniongezea kipande cha jibini lao liitwalo Harzer. Sina hakika kama ilikuwa zawadi au adhabu. Linanuka soksi. Zile za kubana.

Lazima nitaje Nordhausen, ukingo wa kusini, ingawa sikuwa na nguvu ya kukaa. Kando ya mji huo ndani ya mlima kulikuwa na Mittelbau-Dora, kambi ya Wanazi ambamo wafungwa walitoboa mahandaki na kutengeneza makombora ya V2, kati ya 1943 na 1945. Walipitishwa humo watu kama 60,000, na theluthi yao hivi walikufa. Milima hii ilikuwa na ujuzi wa miaka elfu wa kutoboa mawe, wakautumia pia kwa hilo. Nilipita kwenye lango la handaki, nikarudi kwenye basi.

Kwa mtu wa kwetu kuna jambo jingine Harz ambalo halimo kwenye vipeperushi. Clausthal, pale penye kanisa la mbao, ndipo alipozaliwa Robert Koch mwaka 1843, mtoto wa afisa wa migodi. Ni yule aliyegundua vimelea vya kifua kikuu 1882. Huyu bwana alifika kwetu zaidi ya mara moja. Mwaka 1905 alizunguka njia za misafara akitafuta kinacholeta homa ile ambayo wenyeji walishaijua kwa jina la mdudu wake: homa ya papasi. Na papasi wanaishi wapi? Kwenye nyufa za sakafu na kuta za nyumba za kukandika. Mtoto aliyelelewa kwenye mji wa mbao na udongo alivuka bahari akaja kupiga magoti kwenye nyumba za miti na udongo, na kibano mkononi. Baada ya hapo alikwenda visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, kupambana na malale, akiwapa wagonjwa dawa iliyowapofusha baadhi yao macho. Nayo hiyo isemwe.

Narudi Quedlinburg, maana nilirudi huko siku ya mwisho, kwenye uchochoro uleule. Safari hii fundi alikuwepo, kijana mwenye udongo hadi kwenye kope. Nikamwambia kwetu tunafanya kazi hii. Akaniuliza tunachanganya na nini. Nikamwambia mabua, na samadi ya ng'ombe. Macho yakamtoka: nao zamani walitumia samadi, alisema, inashika vizuri kuliko chochote, siku hizi wateja hawataki kusikia. Akanionyesha nguzo ya kona. Mwaloni, umeota nyufa ndefu unazoweza kutia kidole, lakini moyo wake mgumu kama chuma. Kuna nyumba mji huohuo ambayo mbao zake zimepimwa zikaonekana zilikatwa karne ya 14. Akaigonga nguzo kwa ngumi, ikalia kama mlango wa msikiti.

Mti uliokatwa wakati milima ile bado ina misitu yake yenyewe, kabla ya wachoma mkaa kuimaliza na kabla ya Fichte kupandwa kwa mistari. Nilikuwa nimetembea siku tatu nikitafuta msitu wa kale wa Harz, nikapewa makaburi ya shamba. Kumbe msitu wenyewe ulishashuka mjini zamani, umesimama kwenye kuta, umebeba vyumba vya watu na maduka ya viatu, umeandikwa jina la mwenye nyumba na mwaka kwenye boriti ya juu ya mlango.

Usiku nilimpigia Mama. Baada ya shikamoo nikamweleza habari ya nyumba, miaka mia tano, miaka mia sita. Mama hakubabaika. "Mchwa hawana huko?" Hawana, Mama. "Aa. Basi." Akaniuliza msingi ni nini. Mawe, nikasema, nguzo haigusi ardhi, na paa limetokeza nje mvua isipige ukuta. "Bibi yako alisema hivyohivyo. Baba yako akataka kumaliza haraka." Kisha akaniambia ile nyumba ya shangazi wa Soni inavunjwa mwezi ujao, wamepata tofali za kuchoma na bati za rangi, nichangie. Nimechanga. Shangazi ana miaka sitini na tano, kila masika anakandika upya mwenyewe, na hakuna UNESCO inayompa hata debe la udongo. Quedlinburg nayo ilikuwa inaoza kabisa enzi za Ujerumani Mashariki, nyumba zikaanguka, nyingine zikavunjwa, hadi pesa zilipoanza kuingia baada ya 1990.

Jumatatu nilirudi kazini. Soksi za kubana, mguu wa kushoto kwanza. Nikampa Bibi kile kipande cha gome. Akakiweka kwenye blanketi, akapitisha kidole kwenye mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayesoma. Hakusema kitu juu yake. Nikamwonyesha video ya treni ikitoka ukunguni, sauti nikaipandisha hadi jirani akagonga ukuta. Akasema walipokuwa watoto waliona moshi ule ukipanda mlima polepole, ng'ambo ya waya, ukipeleka makaa na chakula kwa askari, na kaka yake alikuwa akibashiri utatokea wapi tena.

Akataka nirudie. Nikarudia.

"Uliketi upande gani?" akauliza.

"Kulia, Bibi." Ilinitoka kwa Kiswahili, hakujali.

"Basi lazima uliona kijiji chetu."

Nikamwambia sikuona hata mkono wangu, ukungu mtupu. Alicheka hadi mguu ukanitoka mikononi, tukaanza soksi upya.